Nani Aliyepiga Chafya

Pampu ikipiga chafya, ujue imevuta hewa. Kiptanui alilijua hilo kama alivyoijua njia ya kwenda kwake. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba, pampu humeza upepo, hukohoa, kisha hupiga chafya, na mtu asipoizima upesi hujitafuna matumbo yake mwenyewe mpaka ibaki chuma chakavu. Kwa hiyo alasiri ile, chafya moja kubwa iliposikika kutoka kwenye kibanda cha pampu, aliacha kuni alizokuwa akipasua, akakimbia, akafunua kifuniko cha kisima na kuteremsha kamba yake yenye mafundo na jiwe mwishoni.

Jiwe liligonga maji mapema sana. Kisima kilikuwa kimejaa vizuri, na hewa ya kumezwa haikuwepo.

Alibaki ameishika ile kamba, akiitazama injini iliyoendelea kuguruma kwa utulivu kana kwamba haikusema lolote. Nyuma yake, nyumbani kwake, wanawake wakapiga vigelegele. Mwanawe alikuwa amepata jina.

Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa ubavuni mwa kibanda cha pampu, ukuta kwa ukuta, katika shamba la mzungu mmoja huko juu Mau Narok, shamba la ngano, pareto na ng'ombe wa maziwa. Bwana alitaka mtu wa pampu aisikie injini hata akiwa anakula. Kiptanui aliona ni heshima kupewa nyumba karibu na mashine. Mkewe, Chepkurui, ambaye ndiye aliyeshinda na mlio huo sikioni na mimba tumboni, hakuulizwa na mtu.

Kwa Wakipsigis, mtoto mchanga hatafutiwi jina, huulizwa. Mama wazee hujifungia naye ndani, humtia ugoro kidogo puani, kisha huwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina litakalomkuta mtoto akipiga chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Huitwa wafu peke yao. Aliye hai hatajwi kabisa, maana kumtaja pale ni kumhesabu pamoja na waliokwenda. Watu wa nyumba hii walikuwa wamebatizwa wote na Jumapili waliimba kwa sauti, lakini jina la kanisani lingengoja. La ukoo halingojei.

Aliyeita siku hiyo alikuwa Jelagat, mama yake Kiptanui, mwanamke mwembamba aliyesikia vibaya sikio la kushoto na asiyekubali kwamba anasikia vibaya. Alipofika kwa Kiprugut, shemeji yake aliyekufa zamani, mwaka wa njaa, chafya ikasikika. Mtoto alikuwa amefunikwa blanketi mpaka usoni kwa sababu ya baridi ya Mau. Hakuna aliyeutazama uso wake. Walisikia chafya, wakafurahi, wakaimba.

Kiptanui alirudi mlangoni na kamba yake iliyolowa, akataka kusema jambo. Lakini ni mwanamume gani ataingia katikati ya vigelegele vya wanawake kuwaambia kwamba pampu nayo imepiga chafya? Wangemcheka mpaka Njoro. Akanyamaza, akapewa maziwa ya kibuyu, akanywa.

Kazi hii alikuwa ameachiwa na Waithaka, Mkikuyu aliyekuwa mtu wa pampu kabla yake. Ndiye aliyemfundisha kupaka grisi, kukaza mkanda, na kutumia kile kijiti cha kusikilizia. Kilikuwa kipande cha mzeituni wa mwitu, laini kwa kushikwa. Unaweka ncha moja kwenye chuma cha pampu na nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na hapo unasikia kila kitu kinachotendeka ndani ya bomba, hata vali inayoanza kulegea. Ugonjwa wa mashine, Waithaka alisema, huanza kwa kunong'ona.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, na Wakikuyu wa shamba lile wakapakiwa kwenye lori na vitanda vyao na kuku wao. Waithaka akiwa juu ya lori aliinama, akampa Kiptanui kijiti.

"Sikiliza asubuhi na jioni," alisema. "Na hapo kisimani usiite mtu jina."

Kiptanui aliitikia kwa kichwa. Alidhani ameelewa. Siku zile jina lilikuwa kitu cha kuua mtu. Watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho waliketishwa mbele ya askari, wakamtaja huyu na yule kwa kutikisa kichwa, na aliyetajwa hakurudi nyumbani. Kila mtu alikuwa ameacha kuita majina hadharani. Kiptanui alikumbuka jinsi Waithaka alivyozoea kumwita mkewe, Wachuka, "wewe wa huko", hata wakati wa kumwomba chumvi, na jinsi yeye alivyomcheka. Akaona haya. Aliona maneno ya lori ni ya mtu mwenye hofu ya serikali, basi. Mpaka leo ukimfikiria unaweza kumsamehe, maana nani angefikiri vingine katika mwaka ule?

Mtoto alianza kukonda mapema. Alinyonya, akaachia, akalia, akarudishwa titini, akaachia tena. Chepkurui alikuwa na maziwa. Usiku yalimjaa mpaka akaugulia. Lakini asubuhi Kiptanui alipozungusha mkono wa injini na mkanda ukaanza kupiga, titi lilijiachia lenyewe, maziwa yakashuka, na kabla hajamfikisha mtoto kifuani lilikuwa limekauka na kulegea kama soksi. Nguo haikulowa. Kwa nini haikulowa, Chepkurui alijiuliza, ilhali nimeyasikia yakitoka?

Kisima nacho kilinona. Kilikuwa kiangazi kikali. Mashamba ya jirani yalikuwa yakibeba maji kwa mapipa kutoka mtoni, ng'ombe wakilia uzioni. Hapa kwa Kiptanui jiwe liligonga maji juu zaidi kila jioni. Bwana alikuja mwenyewe na mabuti yake ya vumbi, akachungulia kisimani, akampiga Kiptanui begani.

"Wewe fundi mzuri sana," alisema. "Maji mingi. Pampu hapana gonjwa."

Na kweli, haikuwa na ugonjwa. Mkanda ulikuwa sawa, vali sawa, mafuta sawa. Kiptanui alilala akiwa na furaha kubwa na mtoto akilia pembeni yake. Ni vibaya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amefundishwa kuogopa maji yakishuka. Hakuna aliyemfundisha kuogopa maji yakipanda.

Wa kwanza kuliona alikuwa Sefu, mpishi wa nyumba kubwa, Mwislamu wa Bondeni kule Nakuru, mtu wa maneno mengi na vazi jeupe. Alimwita Kiptanui kwenye mlango wa jiko, akamwonyesha birika.

"Nimechemsha maji matupu," alisema kwa sauti ya chini. "Tazama."

Juu ya maji yaliyopoa palikuwa na utando mweupe, mwembamba, wenye mikunjo. Sefu aliunyanyua kwa kijiko. Ulining'inia.

"Pengine birika halikuoshwa," Kiptanui akasema.

"Birika langu? Mimi?" Sefu aliweka kijiko chini. "Memsahib anakunywa chai yake bila kutia maziwa siku hizi. Anasema maji ya hapa yamekuwa matamu. Nusa basi."

Kiptanui akanusa. Ilikuwa harufu ya kwake nyumbani, ile ya shingo ya mtoto aliyecheua.

"Kwetu tungesema hapo pana jini," Sefu akanong'ona, akitazama nyuma yake. "Liko hapo tangu kisima kichimbwe, labda na kabla. Jini lisilo na jina hukaa tu gizani, halijui njia ya kwa mtu. Lakini likipewa jina, rafiki yangu, limekuwa mtu wa nyumbani. Litadai haki yake."

Kiptanui alitembea kurudi kwenye pampu. Ukungu wa Mau ulikuwa umeanza kushuka kama kawaida ya mchana kule juu, ukafunika kwanza miti, kisha zizi, kisha njia aliyopita. Injini ilikuwa ikiguruma. Alichukua kijiti, akaweka ncha moja kwenye bomba na nyingine nyuma ya sikio, akafumba macho kama alivyofundishwa.

Mwanzoni alisikia vali ikifunga na kufungua, kazi yake ya kila siku. Kisha akasikia kwamba haikuwa vali, kwamba ule mvuto na ule mwachio vilikuwa na ulaini ndani yake, kwamba kilichokuwa kikivuta kule chini kilikuwa na ulimi, kilivuta na kumeza na kuhema kidogo puani na kuvuta tena, kwa pupa, kama mtoto anavyonyonya akiwa na njaa na anajua titi ni lake na hakuna wa kumnyang'anya, na alipojaribu kukiondoa kijiti sikioni mkono wake ulikataa, akasikiliza mpaka kile kitu kikashiba, kikanyamaza, kikacheua.

Upande wa pili wa ukuta, mkewe alikuwa akimbembeleza mtoto. "Nyonya, Kiprugut," alisema Chepkurui. "Nyonya, baba."

Na pampu ikapiga chafya.

Kiptanui aliingia ndani mbio. Mama yake, Jelagat, alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, amempokea mtoto mapajani. Mtoto hakuwa akilia tena. Alikuwa ameacha kulia tangu jana, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Macho yake yalikuwa makubwa na makavu.

"Mwite jina," Kiptanui akasema.

"Nini?"

"Mama, mwite jina lake. Tumwone kama anageuka."

Jelagat akainama. "Kiprugut," alisema taratibu. Mtoto hakutikisika hata kope. Ukutani, kutoka upande wa mashine, chafya ikajibu, ndogo, ya kuridhika.

Chepkurui aliziba mdomo kwa mkono. Jelagat aliinua kichwa, akageuza sikio lake zima kuelekea ukutani.

"Siku ile," alisema, "ni nani aliyepiga chafya?"

Akamgusa mtoto puani.

"Uso wake ulikuwa umefunikwa. Mimi nilisikia tu. Chepkurui, wewe ulimshika. Alitikisika?"

"Mama, sijui. Nilikuwa nimechoka. Nilisikia, nikashukuru."

"Kiptanui."

Kiptanui alikaa chini sakafuni, mtu mzima, mkono kichwani. "Ilikuwa pampu," alisema. "Nilikimbia kuitazama. Haikuwa na hewa. Nilitaka kuwaambia."

"Ukanyamaza."

"Mlikuwa mkiimba, mama."

Jelagat hakumgombeza. Ingekuwa afadhali amgombeze. Alimtazama mjukuu wake, akamfuta midomo kwa kidole kilicholowa mate. "Basi tumempa mwingine jina la mtu wetu," alisema. "Anakula kwa jina hilo. Huyu hapa hana jina. Asiye na jina hana mtu wa kumshika mkono, ataondoka tu."

Ndipo Kiptanui akawaeleza maneno ya Waithaka ya juu ya lori. Chepkurui alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, bila hasira. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ndiye niliyelala hapa."

Walikubaliana kumwita tena mtoto siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, na injini izimwe. Bwana alikuwa ameamuru tangi la nyumba kubwa lisipungue kamwe, na mtu wa pampu aliyezima mashine bila ruhusa angefukuzwa na vyombo vyake. Kiptanui aliizima. Mkanda ulizunguka kidogo, ukalegea, ukasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, maana watu wa nyumba ile walikuwa wamesahau kimya cha mchana kilivyo.

Mwanamume haingii penye kuita majina. Kiptanui alibaki kibandani, akafunga kifuniko cha kisima, akasokomeza koti lake kwenye nafasi iliyozunguka bomba, akalala juu ya mbao zile kifudifudi kwa uzito wake wote. Ukungu uliingia mlangoni. Kupitia ukutani alimsikia mama yake akianza.

"Kimaiyo."

Kimya. Kisha chini yake, kupitia mbao na kupitia koti, kitu kikapiga chafya.

"Kemboi," sauti ya Jelagat ikasema, haraka zaidi.

Chafya.

Alielewa kinachotendeka. Lile la chini halikushiba kwa jina moja. Sasa lilikuwa limejua mchezo. Kila mfu wa ukoo aliyeitwa, lilimwahi mlangoni. Mama yake aliita majina ya wajomba na mababu, majina ambayo Kiptanui hakuwahi kuyasikia, ya watu waliokufa kwa ndui na waliokufa kwa mkuki na waliokufa usingizini wakiwa wamezungukwa na wajukuu, akaita kwa kunong'ona, akaita kwa kukimbiza maneno, akajaribu kukatiza jina katikati ili lisisikike lote, na kila mara kisima kilimtangulia, na harufu ya maziwa ikapanda kati ya mbao, tamu, ya kuchefua, na mbao zikaanza kupanda na kushuka chini ya kifua chake kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, na ndani kule mwanawe hakupiga chafya hata moja, na majina yakaendelea kwisha.

Kisha yakaisha. Alimsikia mama yake akinyamaza. Alimsikia mkewe akisema, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake, "Amepoa, mama. Miguu yake imepoa."

Ni wafu tu wanaoitwa. Kiptanui alilijua hilo. Alilijua pia jambo lingine, akiwa amelala pale na sikio lake juu ya mbao: kwamba lile la chini liliweza kuwaahi wafu kwa sababu wafu walikuwa mbali, na lilikuwa karibu zaidi kuliko wao. Lakini palikuwa na jina moja ambalo mwenyewe alikuwa hapahapa, mbele ya mlango wake, juu ya kifuniko chake. Yeye mwenyewe alipozaliwa alikuwa amezirai, wakadhani amekwisha, akarudi, ndipo wakamwita hivyo. Aliwaza kwamba pengine jina hilo lilijua njia ya kurudi. Aliogopa sana. Alitamani mtu mwingine awe ndiye baba.

Aligeuza uso wake kuelekea ukutani.

"Kiptanui," akaita.

Ndani, mtoto akapiga chafya.

Wanawake wote walimwona, maana safari hii uso wake ulikuwa wazi. Alipiga chafya, akakunja uso, akatoa kilio cha hasira cha mtoto mwenye afya, akaanza kutafuta titi kwa mdomo. Maziwa yalimshukia Chepkurui kwa nguvu mpaka yakalowesha nguo, mkeka na mkono wa Jelagat. Mtoto akashika, akanyonya. Hakuna aliyepiga vigelegele. Jelagat alikuwa amekaa na macho ukutani, kwani alikuwa amesikia, kwa sikio lake zima, kwamba chafya zilikuwa mbili, kwa pamoja.

"Ni nani aliyeita?" aliuliza, ingawa alijua. Mama humjua.

Chepkurui alitoka na mtoto kifuani. Injini ilikuwa baridi. Mkanda ulikuwa umelegea mahali pake. Kifuniko cha kisima kilikuwa kimefungwa vizuri, na koti la mumewe lilikuwa bado limesokomezwa kuzunguka bomba, limekazwa kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake. Juu ya mbao kilikuwepo kijiti. Kiptanui hakuwepo. Aliita "baba wa mtoto", akaita "wewe", akazunguka zizi lote ndani ya ukungu akiita "wewe, wewe". Hakuthubutu kuita vingine.

Bwana alisema mtu wa pampu ametoroka, kama walivyotoroka wengi siku zile, na akawatuma watu wachungulie kisimani kwa kamba na kulabu. Walitoa maji matupu. Maji yenyewe yalikuwa yamerudi kiasi chake cha kiangazi, na yalipochemshwa hayakufanya utando. Sefu aliomba ruhusa kwenda Nakuru kumwona dada yake. Hakurudi.

Mtoto alikua. Alinenepa, akaota meno, akatembea. Kwa sababu mtu mpya wa pampu alikuwa kapera na hakutaka nyumba ile ya kelele, Chepkurui na Jelagat waliachiwa, nao walikubali kukaa, jambo ambalo majirani hawakulielewa. Walisema mjane huyo angeweza kurudi kwao, upande wa Kericho, kwenye hewa nzuri.

Lakini jioni, mtu mpya akishazima injini na kwenda zake, Chepkurui hutoka na kijiti cha mzeituni, akaweka ncha moja kwenye bomba na nyingine nyuma ya sikio. Humsikiliza mumewe. Kuna majira ambapo pumzi iko mbali, na kuna majira ambapo iko karibu na inakohoa kwa sababu ya baridi. Akisharidhika hukichomeka kijiti ukutani, hugeuka, na kumwita mwanawe aje kula.

"Kiptanui."

"Naja, mama," mtoto hujibu akitokea zizini, akikimbia.

Naye husubiri hapo, mkono juu ya chuma, mpaka ajibiwe mara ya pili.